Kadi ya Gigabaiti Nane

Kaa hapo kwenye kreti, Baba Lugano, mvua hii haina haraka.
Tukuyu ikianza kunyesha asubuhi, mwenye akili haulizi itakatika lini.
Kwaya zako mia mbili na kumi nimeshaziingiza,
na taarabu za mama mkwe, na zile za harusi.
Zimebaki megabaiti mia tisa.
Niruhusu nikujazie ninazozipenda mimi.

Najua. Wa jana naye alikunja uso hivyohivyo.
Ni magitaa, ndiyo,
na kuna mahali mtu anapiga ukelele kama anayeng'olewa gego.
Usizime hapo. Ukizima hapo
umeuma ndizi na ganda lake, ukasema ndizi chungu.

Folda ya kwanza nimeiita WALE WA BARIDI.
Jina lao halisi lina nukta juu ya herufi,
simu yako italiandika visanduku vitupu.
Wimbo mmoja, dakika kumi na moja.
Nne za mwanzo hakuna kitu: gitaa linadondoka
kama maji ya bati kwenye ndoo,
halafu ndoo inajaa,
halafu unagundua ni nyumba inayojaa.
Wasikilize siku Rungwe imejifunika hadi kiunoni.
Juani wanakuwa kelele tu,
kama koti la sufu dukani Kyela: hujui mtu alivae wapi.

WATATU WA GEREJI ni wepesi.
Wanaimba kama watu waliochelewa kazini wakaamua kutokwenda.
Dakika ya pili mpiga besi anakosea, na hawakufuta.
Niliwapenda kwa kosa hilo.
Hao ni wa kuchambulia maharage.

DADA WA KINANDA usimguse kwanza.
Nilimpa Tusekile wiki ya matanga ya baba yake,
akaniletea kadi imefungwa kwenye leso:
Ondoa.
Mwezi uliofuata: Rudisha.
Sikumtoza.

Mchungaji Mwambelo alijibanza hapa na mwavuli wake uliovunjika mbavu,
akasema huo ni muziki wa shetani.
Nikamuuliza, shetani gani huyu mwenye subira,
anayengoja dakika nne kabla ya kufungua mdomo?
Hakunijibu. Hakuondoka pia, mpaka wimbo ukaisha.
Mvua ilikuwa kubwa. Tuseme ni mvua.

Ambakisye wa Fuso, yeye alirudi amefura:
Kadi yako imeniulia spika!
Nikaijaribu. Spika nzima.
Ni wao, ndivyo wanavyounguruma. Nikamwambia, wape wiki.
Basi ukungu ukamkamata juu ya Isyonje
na tani saba za viazi, taa hazioni hata bampa lake.
Akaegesha. Utingo amelala.
Akawasha redio, kwa upweke tu nadhani,
na wimbo ukaanzia palepale ukungu ulipo.
Ungependa niseme ukungu uliondoka.
Haukuondoka. Aliurudia mara sita.

Alipokuja hakuzungumzia nyimbo. Alisema,
Binti, kwenye karatasi yako umekosea, umeandika SAUTI KUBWA.
Weka ndogo,
mpaka uisikie injini ikipoa chini yake.
Nimeandika upya. Ile pale, nimeibandika kwa plasta.

Haya, imekamilika. Elfu moja mia tano,
ni za kwaya na taarabu; hizo za mwisho sihesabu.
Ukizichukia, futa, nafasi ni yako.
Ila zifute usiku, bati likiwa linalia,
na kabla hujabonyeza
mwache yule wa gego amalize.